Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, mchezo wa bao, na swali la mwisho wa kanuni

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wengine humkumbuka kama Baba wa Taifa, wengine kama mfasiri wa Shakespeare, na waamini wa Jimbo la Musoma humkumbuka kama muumini aliyekuwa haonekani kukosa Misa pale Butiama. Katika makala hii tunapenda kuyafuata maisha yake kwa njia isiyopitiwa na wengi, nayo ni njia ya mchezo wa bao. Hatufanyi hivyo kwa kutafuta burudani. Sisi tunaosoma falsafa hukutana, katika somo la mantiki, na swali ambalo wanahisabati wa dunia bado hawajalimaliza: tukipewa kanuni, je, tunaweza kujua mapema kama kuzifuata kutatufikisha mwisho? Mchezaji wa bao hulijua swali hilo kwa vidole vyake. Na mtu aliyeongoza nchi kwa miaka zaidi ya 20 hulijua kwa namna nzito zaidi.

Mtoto wa Mgaya

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi. Jina Nyerere lilitokana na viwavi waliovamia mashamba wakati babu yetu huyo Burito alipozaliwa. Jina Kambarage ni la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku mtoto alipozaliwa mvua ilikuwa ikinyesha. Basi baba aliitwa kwa jina la balaa ya shamba na mwana kwa jina la neema ya shamba, na mtoto alikua kama watoto wengine wa Kizanaki, akichunga mbuzi na kulima na mama yake.

Wazanaki, Waikizu na majirani zao walikuwa na mchezo wao wa kete na mashimo uitwao soro, ndugu wa bao la Kiswahili linalochezwa pwani. Kijana Kambarage aliucheza vizuri kuliko umri wake. Inasimuliwa kwamba rafiki wa baba yake, Mtemi Makongoro wa Ikizu, upande ambao leo ni wa Bunda, alicheza naye akaona akili ya mtoto huyo. Ndipo akamshauri Mtemi Burito ampeleke mtoto shule. Serikali ya Waingereza nayo ilikuwa ikihimiza watoto wa watemi wasome. Hivyo mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, Kambarage alitoka Butiama kwenda Shule ya Mwisenge, Musoma, umbali wa zaidi ya kilometa 40.

Tutafakari kidogo hapo. Mzee mmoja alitazama jinsi mtoto anavyopanga kete, akatambua kitu kilichozidi mchezo. Alikuwa ameona nini?

Kete, mashimo na kulala

Soro lina kanuni zake na bao la pwani lina zake. Tueleze la pwani, kwa kuwa ndilo linalojulikana na wengi. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64, kila mchezaji ana 32. Mwanzoni sehemu ya kete huwekwa ubaoni, na nyingine 22 kila mchezaji hubaki nazo mkononi, akiziingiza moja moja hadi ziishe. Kisha huanza sehemu ya pili, ambapo kete zilizopo ubaoni ndizo zinazotembea. Mchezaji huchota kete za shimo moja, huzigawa moja moja katika mashimo yanayofuata, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine, huzichota zote na kuendelea. Panapokuwa na nafasi ya kula kete za mwenzake, ni lazima ale. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu yake imekwisha. Hapo wachezaji husema amelala.

Katika bao hakuna dadu wala karata zilizofichwa. Kila kitu kiko mbele ya macho ya wote wawili. Hata hivyo, mtu asiyezoea hawezi kutazama ubao akasema zamu itaishia wapi. Kete zinazunguka, zinakula, zinazunguka tena. Fundi wa bao ni yule anayeweza kuiona safari hiyo yote kichwani kabla ya kugusa kete. Bila shaka hicho ndicho mtemi wa Ikizu alichokiona: mtoto anayeweza kufuata kanuni mpaka mwisho wake bila kugusa chochote.

Sasa, je, kila zamu hulala? Watafiti wa Uholanzi waliolichunguza bao kwa kompyuta wamethibitisha kwamba hapana. Ipo mipangilio ya kete ambayo mchezaji akianza zamu yake, zamu hiyo haitaisha kamwe. Lakini katika bao tuna faraja moja. Kete ni 64 tu na mashimo ni 32 tu, kwa hiyo mipangilio inayowezekana, ingawa ni mingi mno, ina idadi maalumu. Zamu isiyo na mwisho lazima siku moja irudi kwenye mpangilio uleule iliokwisha kuupitia, na kutoka hapo itajirudia milele. Mwenye subira ya kutosha akiandika kila hatua, atatambua mojawapo: ama zamu imelala, ama imeanza kujirudia. Swali ni gumu, ila lina jibu linaloweza kupatikana.

Mwisenge, Nyegina na Tabora

Pale Mwisenge Kambarage alijifunza haraka akarushwa darasa. Huko ndiko alikoanza kusikia habari za dini ya Kikatoliki. Pamoja na rafiki yake alikuwa akitembea kwenda Nyegina, misioni ya Mapadre Weupe, ili kufundishwa. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, shule ya wateule wa wakati ule. Aliendelea kujifunza dini lakini hakubatizwa mapema. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa tayari mwanafunzi wa Makerere, alibatizwa Nyegina na kupewa jina Julius.

Makerere alisomea ualimu, lakini alisoma pia mambo ambayo hakulazimishwa kusoma. Alimsoma mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, kisha akaandika insha juu ya hali ya mwanamke katika jamii ya Wazanaki akitumia hoja za mwanafalsafa huyo. Insha ilishinda tuzo. Kwetu sisi wanafunzi wa falsafa hili ni jambo la kuangalia kwa makini. Kijana wa mke wa tano alichukua hoja iliyoandikwa Uingereza akaipeleka hadi kwenye boma la mama yake, akaona inavyomgusa. Hakuishia kuikariri.

Mwaka 1945 alimaliza Makerere, akafundisha Tabora katika shule ya St. Mary's ya Mapadre Weupe iliyoongozwa na Padre Richard Walsh. Hapo Tabora alimfahamu Maria Waningu Gabriel Majige. Mwaka 1949 alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Scotland, akapata shahada ya M.A. mwaka 1952. Alisoma historia, uchumi, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Profesa wa falsafa ya maadili pale wakati huo alikuwa John Macmurray, mtu aliyefundisha kwamba binadamu anakuwa nafsi kamili katika uhusiano na wengine.

Swali lililoulizwa Ulaya

Hapa inatupasa tumwache Mwalimu kwa aya chache, ili tuelewe swali tulilolitaja mwanzoni.

Mwaka 1914 Mnorwe mmoja, Axel Thue, aliuliza hivi. Tuchukue mfuatano wa herufi. Tupewe kanuni za kubadilisha: popote ukiona kipande hiki, unaruhusiwa kuweka kipande kile mahali pake. Je, kuna njia ya jumla ya kujua kama mfuatano mmoja unaweza kugeuzwa kuwa mwingine? Swali lilionekana dogo. Mwaka 1936 Mmarekani Alonzo Church na Mwingereza Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba yapo maswali yaliyo wazi kabisa ambayo hakuna utaratibu wowote wa kuhesabu unaoweza kuyajibu yote. Mwaka 1947 Emil Post na Andrei Markov walithibitisha kwamba swali la Thue ni mojawapo ya hayo.

Kutokana na kazi hizo lilikua tawi la elimu linalochunguza mifumo ya kanuni za kubadilisha semi. Maswali yake makuu ni mawili. La kwanza ni ukomo: je, kila mlolongo wa mabadiliko hufika mwisho? La pili tuliite makutano: watu wawili wakianza mahali pamoja, kila mmoja akachagua kanuni yake, je, watakutana tena mbele? Sisi wa Mara neno hilo hatuhitaji kulitafuta mbali. Anayetoka Musoma kwenda Bunda au Butiama hupita Makutano, pale barabara zinapoungana.

Tuone mfano. Panga kete nyeusi na nyeupe katika mstari mmoja. Kanuni ni hii: popote kete nyeusi inapofuatwa na nyeupe, zibadilishane nafasi. Je, kazi itaisha? Ndiyo. Hesabu jozi zote ambamo nyeusi iko mbele ya nyeupe. Kila hatua inapunguza hesabu hiyo kwa moja. Kitu kinachopungua moja moja na kisichoweza kushuka chini ya sifuri lazima kiishe. Mwishoni nyeupe zote ziko upande mmoja na nyeusi upande mwingine, hata uanzie wapi.

Sasa tubadilishe kidogo. Popote kete nyeusi mbili zinapofuatwa na nyeupe mbili, ziondoe hizo nne, weka nyeupe tatu zikifuatwa na nyeusi tatu. Kila hatua kete zinaongezeka kwa mbili. Kiasi kinachopungua hakionekani kirahisi. Kanuni hii ilipelekwa kwa wataalamu na Mholanzi Hans Zantema, ikawasumbua kwa muda kabla haijathibitishwa kwamba nayo hufika mwisho daima. Kanuni moja, yenye rangi mbili tu, iliwatoa jasho watu waliobobea.

Tofauti yake na bao ni hii: kete za ubao hazizidi 64, lakini katika mstari wa namna hii hakuna kikomo cha kete kilichowekwa mapema. Hivyo huwezi kutegemea kwamba mpangilio utajirudia ili utambue kuwa umekwama. Unaweza kungoja miaka 1,000 na usijue kama mwisho uko mbele kidogo au haupo kabisa.

Kura tatu

Turudi kwa Mwalimu. Aliporudi nyumbani alifunga ndoa na Maria hapa Musoma, Januari 1953, akafundisha katika shule ya St. Francis, Pugu. Mwaka huohuo alichaguliwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 kikazaliwa TANU. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu. Ilimlazimu achague kati ya darasa na siasa, na hakuwa na mali ya kumsaidia.

Mtihani mkubwa ulikuja Tabora, Januari 1958, katika mkutano mkuu wa TANU. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepanga uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na masharti ya kuwa mpiga kura yaliwatenga wananchi wengi. Kanuni hiyo ilikuwa ya dhuluma, kwa kuwa watu wachache walipewa viti sawa na mamilioni. Wajumbe wengi walitaka TANU isusie. Nyerere aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuunda chama chake.

Mchezaji wa bao anaielewa hoja ya Mwalimu. Ukisusia zamu yako, kete za mwenzako zinaendelea kutembea. Ukikubali kupoteza kete chache sasa, huenda ukaufungua ubao mzima mbele. Kwa kuwa sheria ilimlazimu kila mtu apige kura zote tatu, kura za wafuasi wa TANU zingeamua hata ni Mzungu gani na Mwasia yupi ataingia Baraza la Kutunga Sheria. Ndivyo ilivyokuwa. Waliounga mkono TANU walishinda, na kanuni iliyotungwa ili kuchelewesha uhuru ikauharakisha. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilikuwa huru.

Baada ya wiki chache tu, Januari 1962, Waziri Mkuu Nyerere alijiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama vijijini. Watu wengi walishangaa. Alirudi mwishoni mwa mwaka huo kama Rais wa Jamhuri. Mwaka 1964 aliunganisha Tanganyika na Zanzibar.

Kanuni moja tu

Mwaka 1991 wataalamu watatu, Nachum Dershowitz, Jean-Pierre Jouannaud na Jan Willem Klop, waliandika orodha ya maswali ya tawi hili ambayo hayajapata majibu, na orodha hiyo ikaendelea kuongezwa. Baadhi yamejibiwa. Moja ambalo bado liko wazi ni hili: tukipewa mfumo wenye kanuni moja tu ya kubadilisha mfuatano wa herufi, je, upo utaratibu wa kuhesabu utakaotuambia daima kama mfumo huo una ukomo? Kwa mifumo yenye kanuni tatu imethibitishwa kwamba utaratibu wa namna hiyo hauwezi kuwapo. Uthibitisho huo ulitolewa mwaka 1996 na Yuri Matiyasevich na Géraud Sénizergues. Kwa kanuni moja hakuna ajuaye.

Kuna swali jingine, ndugu yake, ambalo mtoto wa darasa la nne anaweza kulicheza. Linaitwa kwa jina la Mjerumani Lothar Collatz. Chukua namba yoyote nzima kuanzia 1. Ikiwa ni shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa ni witiri, izidishe kwa 3, kisha ongeza 1. Endelea. Ukianza na 6 utapata 3, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Ukianza na 27 utapanda hadi 9,232 na kutumia hatua 111 kabla ya kufika 1. Je, kila namba hufika 1? Kompyuta zimejaribu namba nyingi mno na zote zimefika, lakini uthibitisho haujapatikana. Wapo waliojaribu kulitatua kwa kuligeuza kuwa mfumo wa kanuni za kubadilisha semi, wakalazimika kukiri ugumu wake.

Msomaji anaweza kuuliza faida yake ni nini kwa parokia zetu. Simu inapoganda mkononi ukituma pesa, mara nyingi ni kanuni zilizoandikwa na mtu zinazozunguka bila kulala. Lakini faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni unyenyekevu. Tunadhani kwamba kanuni ikiwa fupi, wazi na ya haki, basi matokeo yake yanajulikana. Hisabati yenyewe, elimu iliyo safi kuliko zote, inatuambia si lazima iwe hivyo.

Vijiji

Hapo ndipo maisha ya Mwalimu yanapogusa mahali panapouma. Tarehe 5 Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Kanuni zake zilikuwa chache na zilieleweka: utu na usawa, kazi, kujitegemea, kiongozi asijilimbikizie mali. Nyerere mwenyewe alizifuata, na hata wapinzani wake hawakuweza kumshtaki kwa utajiri. Shule na zahanati zilienea, na watu wazima wengi walijifunza kusoma.

Vijiji vya ujamaa vilikusudiwa kuwa vya hiari. Watu walipochelewa kuhamia, mwishoni mwa 1973 kuishi vijijini kulifanywa agizo, na katika miaka mitatu hivi iliyofuata mamilioni walihamishwa nchini kote. Mkoa wetu wa Mara haukuachwa. Mahali pengine watendaji walitumia nguvu, nyumba zikabomolewa au kuchomwa, na watu wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Uzalishaji uliyumba. Pia sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani, iliyotungwa mwaka 1962, ilitumika katika utawala wake, na wapo waliokaa gerezani muda mrefu bila hukumu.

Hatuyaandiki haya ili kumshusha. Mtu akitajwa kuwa huenda siku moja atahesabiwa kati ya wenyeheri, wajibu wetu wa kusema kweli juu yake unaongezeka. Na tunaona jambo la kifalsafa hapa. Agizo la 1973 lilitokana na kanuni njema. Kila mtendaji aliyelipokea alilibadilisha kidogo: mkoa ukaongeza tarehe ya mwisho, wilaya ikaongeza ukali, na mwishoni kabisa alikuwepo mama mmoja anayeambiwa atoke ndani ya nyumba yake. Aliyekuwa akiona zamu nzima ya bao kichwani hakuweza kuiona zamu hii. Ubao wa bao una mashimo 32. Nchi haina idadi ya mashimo, na kete zake zina nafsi.

Lakini kuna tofauti kati ya mtu na mfumo wa kanuni, nayo ndiyo inayotufanya tumheshimu. Mfumo hauwezi kusimama ukajiuliza kama uendelee. Mtu anaweza. Mwalimu alikiri hadharani kwamba makosa yalifanyika. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari yake, wakati viongozi wachache sana wa Afrika walikuwa wamefanya hivyo, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Yeye aliyeongoza nchi kuingia mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, ndiye aliyewahimiza wenzake wauzungumze upya. Tume ya Jaji Nyalali ilipokuta kwamba wananchi wengi waliohojiwa bado walitaka chama kimoja, na hata hivyo ikapendekeza vyama vingi, Mwalimu aliunga mkono mageuzi. Mwaka 1992 sheria ilibadilishwa. Aliigusa kanuni aliyoiweka mwenyewe.

Kulala Butiama

Alirudi Butiama. Alilima shamba, alicheza bao na wazee wenzake, alisali. Alizitafsiri Injili nne na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumtafsiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Anayetafsiri utenzi hubadilisha semi pia, lakini hakuna kanuni inayomwambia neno lipi lifuate. Lazima mizani itimie, vina vilingane, na maana ya Neno la Mungu isipotee. Wawili wakianza na aya ileile hawatakutana kwenye ubeti uleule. Hapo ukomo unaamuliwa na dhamiri ya mtafsiri, anapoona kwamba imetosha.

Katika miaka yake ya mwisho alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, mazungumzo yakifanyika Arusha. Hapa linafaa jambo moja alilothibitisha Max Newman, mwalimu wa Turing, mwaka 1942. Ikiwa kila njia ina mwisho, na kila mara njia zinapoachana kwa hatua moja zinaweza kuunganishwa tena, basi njia zote zitafika mahali pamoja. Sharti la kwanza likikosekana, la pili peke yake halitoshi. Hatudai kwamba watu ni herufi. Lakini mtu yeyote aliyekaa na ndugu wanaogombania shamba anajua kwamba unaweza kuwapatanisha katika kila neno dogo, na bado, kama hakuna aliye tayari ugomvi uishe, wasikutane kamwe. Mwalimu hakuuona mwisho wa kazi hiyo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Nelson Mandela alichukua nafasi yake, na mkataba ukatiwa saini Arusha mwezi Agosti 2000.

Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mchakato huo nao una kanuni: ushahidi, maandishi, hatua baada ya hatua. Kanisa halikuziacha kanuni hizo zijiendeshe zenyewe. Linasikiliza mashahidi, linawapa nafasi wenye pingamizi, na linangoja ishara isiyotengenezwa na mwanadamu. Hakuna anayeweza kusema leo mwisho wake utakuwa lini wala utakuwaje, na si haki yetu kuutangulia.

Yatupasa mambo mawili. Wale waliohamishwa katika miaka ile na ambao bado wako hai katika parokia zetu za Musoma, Bunda na Butiama, tuwasikilize na kuyaandika maneno yao kabla hawajaondoka, yawe ya kumsifu Mwalimu au ya kumlalamikia. Ushahidi wao ni sehemu ya ukweli unaotafutwa. Na sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji, ambao siku moja tutatoa maagizo kwa kigango na kwa jumuiya ndogondogo, tukumbuke kufuatilia kila agizo letu mpaka mlango wa mwisho linapofika, tukatazame nani anayelipokea. Tukiona halilali, tuwe na ujasiri wa kulisimamisha wenyewe.